Jina Si Mtu

Nataka kuleta mashitaka. Washitakiwa ni waandishi wa hadithi wa nchi yetu, wakubwa kwa wadogo, na mimi nimo miongoni mwao. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba nimesimama pembeni nikitupa mawe juu ya paa la jirani. Shitaka lenyewe ni hili: tumeacha kuumba watu, tumekuwa wabandikaji wa majina. Tukitaka mtu mvumilivu, twamwita Subira, kisha twamkalisha kurasa mia mbili akivumilia. Tukitaka mlafi, twamwita Tamaa, naye hutamani tangu sura ya kwanza hata akafa kwa kutamani katika sura ya mwisho. Bwana Fitina hufitini. Bi Rehema hurehemu. Mzee Hekima hafumbui kinywa ila methali itoke, na hatujapata kumwona mzee huyo akitafuta miwani yake, wala akigombana na mkewe juu ya chumvi, wala akipotea njia kama wazee wengine wote wa dunia.

Msomaji anapokutana na majina hayo katika ukurasa wa kwanza huwa amekwisha fika mwisho wa safari. Kilichobaki ni kufunua karatasi.

Katika lugha yetu mtu wa hadithi huitwa mhusika, na neno hilo lina maana nzuri kuliko tunavyolitumia. Mhusika ni yule ambaye jambo lamhusu: limemfika, limemgusa, hawezi kulipisha njia. Sasa niambieni, huyo Subira aliyezaliwa mvumilivu na atakayekufa mvumilivu, jambo gani laweza kumhusu? Akipigwa, huvumilia, akinyang'anywa shamba, huvumilia, akifiwa, huvumilia. Jiwe pia huvumilia mvua, wala hapana mtu aliyekaa usiku akalia kwa ajili ya jiwe.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaulizwa: na Shaaban Robert je? Hakuandika *Kusadikika* mwaka 1951, ambamo mshitakiwa ni Karama na mshitaki ni Majivuno, na wajumbe waliotumwa pande sita za dunia ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini? Aliyatumia, na nani atamkosoa? Lakini tazameni alikuwa wapi alipoyatumia. Alikuwa mtumishi katika nchi iliyotawaliwa na wageni, naye akaandika juu ya nchi inayoelea angani ambayo huwafunga wajumbe wake wenyewe kila waletapo habari ya mambo yaliyo bora kwingine. Mtu anayetaka kusema neno la namna hiyo mbele ya mwenye nguvu huhitaji vazi la kujisitiri, na majina yale yalikuwa vazi. Kitabu kile hakikukusudia kutuonyesha Karama alivyokula wala alivyolala. Kilikusudia kuishitaki serikali, na kiliishitaki. Sisi tumeokota vazi barabarani, tumesahau kuuliza mwili umekwenda wapi.

Tena mwenyewe hakuwa mtumwa wa majina yake. Mwaka uliofuata alitoa *Adili na Nduguze*. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, nao wametendewa na majina yao kama tulivyotarajia: walimhusudu ndugu yao, wakamtosa, wakageuzwa manyani. Kama hadithi ingeishia hapo ningeiweka katika kapu moja na nyingine. Lakini Adili ameamriwa na jini awapige manyani wale kila usiku. Usiku unapoingia yeye mwenyewe huchukua mjeledi akawapiga, kisha akawakumbatia, akawalisha kwa mkono wake na kuwalilia. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, aliliona jambo hilo kwa siri, akashangaa. Nasi twashangaa pamoja naye. Mtu mwadilifu ameshika mjeledi! Mtu anayewapenda nduguze anawachapa, na kila pigo linamrudia. Mimi nimesahau mengi ya kitabu hicho, lakini sijausahau usiku ule, maana pale ndipo Adili alipotoka ndani ya jina lake akawa ndugu wa mtu.

Ugonjwa wetu una mlezi, na mlezi wake ni darasa. Nasema hivi nikiwa mwalimu niliyezeeka mbele ya ubao. Mtihani wa kidato cha nne humwuliza mtahiniwa aeleze sifa za fulani na umuhimu wake, naye huandika: ni mkatili, kwa maana alifanya hivi, ni mwenye bidii, kwa maana alifanya vile. Hapana ubaya mtoto akianza hapo. Daktari naye huanza kwa kujifunza majina ya mifupa. Ubaya huanza pale mwandishi, akijua kwamba kitabu kilichoteuliwa husomwa na kila mtahiniwa nchini na kisichoteuliwa huota vumbi dukani, anapoketi kuandika jibu kabla ya swali. Huyo ni kama mkulima anayetaka kupanda maboga yaliyokwisha katwa vipande tayari kwa chungu. Msichana mmoja aliniletea hadithi yake akaniambia kwa fahari, “Mwalimu, nimempa sifa sita.” Nilimwuliza huyo mwenye sifa sita hufanya nini akiamka asubuhi. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

Hata hivyo kalamu hodari huweza kulishinda jina. Katika *Kidagaa Kimemwozea* cha marehemu Ken Walibora kuna mwalimu aitwaye Majisifu. Jina lamtangaza kama kengele. Walakini ukimfuata ndani ya kitabu utakuta mlevi, mwandishi aliyeiba mswada wa kijana mwingine, baba anayewaonea haya watoto wake walemavu, na mwisho mtu anayekiri wizi wake. Wanafunzi wangu walimcheka, kisha wakamhurumia, kisha wakakasirika kwa kuwa walimhurumia. Darasa likalipuka kwa mabishano, na siku ile sikuandika hata neno moja ubaoni.

Sasa hapana budi nijishitaki mwenyewe, maana niliahidi.

Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni. Nyumbani kwetu ni karibu na mdomo wa Mto Tana. Mama yangu mzazi alifariki ningali mdogo, baba akaoa tena, nami nikalelewa na mke wake wa pili, niliyemwita Mama Mdogo. Mwaka ule nilitunga hadithi juu ya mama wa kambo. Jina lake, nadhani mmekwisha kisia, lilikuwa Bi Chuki. Nilimpa macho mekundu, kucha ndefu na sauti ya kunguru. Alimlaza mwana wa kambo zizini pamoja na mbuzi. Aliwapa wanawe nyama, naye akampa ukoko. Katika sura ya mwisho aliumwa na nyoka, akafa, na kijiji kizima kikafurahi.

Hadithi ilisifiwa. Siku ya wazazi niliitwa jukwaani niisome. Watu walicheka palipochekesha na kuguna palipotisha, na Bi Chuki alipoumwa na nyoka walipiga makofi. Katikati ya ukumbi, juu ya benchi, aliketi Mama Mdogo na kikapu cha maembe mapajani. Alikuwa amepanda magari mawili tangu alfajiri ili afike.

Hakunigombeza. Mkutano ulipovunjika tulikaa chini ya mti, akanimenyea embe, akasema kwa upole, “Hadithi yako nimeisikia, mwanangu. Huyo Bi Chuki, mumewe alikuwa wapi siku zote hizo?”

Sikuwa na jibu. Katika hadithi yangu hapakuwa na mume. Nilimsahau, kama mtu anayejenga nyumba akasahau mlango.

“Na yeye mwenyewe,” akaendelea, “siku ile aliyowapa wanawe nyama na yule mwingine ukoko, alikula nini?”

“Sijui, Mama.”

“Haya,” akasema, akanipa embe.

Nimesoma vitabu vingi vya uhakiki tangu siku ile. Nimesoma kwamba mwandishi wa Uingereza E. M. Forster, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka 1927, aliwagawa watu wa hadithi makundi mawili, hao ambao sisi tumewaita wahusika bapa na wahusika duara, na kwamba duara ni yule awezaye kutushangaza nasi tukamwamini. Ni maneno ya mtu mwenye akili, na nawaomba wanaoyafundisha wakumbuke kwamba Forster mwenyewe hakuwadharau walio bapa. Lakini sijapata kitabu kilichonifaa kuliko maswali mawili ya yule mama asiyejua kusoma. Mumewe alikuwa wapi? Yeye mwenyewe alikula nini? Swali la kwanza humtoa mtu katika upweke wa jina lake, likamweka kati ya watu wanaomlemea na kumkimbia. La pili humrudishia tumbo.

Wala sitaki mfanye kosa la pili mkamwita malaika. Mama Mdogo alikuwa na kopo la sukari ambalo ndani yake alichora alama kwa ukucha, na kila jioni alilifungua akatazama kama sukari imeshuka chini ya alama. Aliwahi kunipiga kwa mwiko kwa ajili ya kijiko kimoja. Nilipougua malaria alikesha nami siku tatu akinikanda kwa maji. Siku ya nne nilipopata nguvu ya kukaa, alikuja akachukua blanketi lake bila neno, kisha akanikumbusha kwamba kuni hazijakatwa. Mwanawe kitinda mimba alimpenda kuliko mimi wala hakulificha jambo hilo. Karo yangu ilipokosekana ni mkufu wake uliouzwa, na kwa mwaka mzima aliutaja mkufu ule kila nilipochelewa kurudi kisimani. Haya, mbandikeni jina mtu huyu.

Wako wasemao kwamba vijana wanahitaji njia iliyonyooka, na kwamba mtoto akichanganyiwa wema na ubaya katika mtu mmoja atapotea. Wao hutoa ushahidi wa ngano za kale: fisi ni mlafi, sungura ni mjanja, na wazee wetu walilelewa hivyo wakawa watu wazima wenye maadili. Kuhusu fisi sina ugomvi. Fisi yule hakuletwa atufanane. Ameletwa tumcheke, kisha tukalale. Lakini ushahidi huo umekatwa nusu. Wazee walikuwa na ngano za wanyama, na walikuwa pia na habari za watu, nazo hawakuzisimulia kwa namna moja.

Kwetu habari iliyosimuliwa kuliko zote ni ya Fumo Liyongo, ambaye hata leo watu wa pande za Kipini huonyesha mahali pa kaburi lake, na ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu aliiandika habari yake kwa utenzi mwaka 1913. Mama Mdogo aliijua kwa moyo. Liyongo yumo gerezani, na kila chakula kizuri alicholetewa na kijakazi Saada kililiwa na walinzi. Basi akampa Saada fumbo ampelekee mama yake, na mama yake akaoka mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani yake. Walinzi walikula vilivyo vitamu, wakaudharau ule wa wishwa wakauacha upite. Sikumbuki kusikia neno hata moja la kusema kwamba walinzi wale walikuwa walafi na wenye kiburi. Mkate ulisema. Wala hatukuhitaji kuambiwa kwamba mama na mwana walielewana sana. Watu wasioelewana hawawezi kupelekeana tupa kwa njia ya fumbo.

Na kufa kwake je? Mfalme alimshawishi mwana wa Liyongo mwenyewe, akamwahidi binti yake awe mkewe, mradi aulize ni kitu gani kiwezacho kumwua baba yake. Kijana akaenda akauliza. Kama nilivyosimuliwa, Liyongo alifahamu kwamba mwanawe ametumwa. Alifahamu, na bado akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Nilipokuwa mtoto nilipiga kelele kila tulipofika hapo. “Kwa nini alimwambia?” Mama Mdogo hakunijibu hata mara moja. Aliendelea hadi pale Liyongo, akiwa amekwisha chomwa, anapopiga goti kisimani ameshika upinde, akafa vivyo hivyo, na watu wasithubutu kwenda kuteka maji kwa kudhani yu hai. Nguvu za Liyongo ni za ajabu, lakini nguvu peke yake zisingedumu vinywani mwa watu kwa karne nyingi hivi. Kilichodumu ni lile swali. Watoto wa pwani waliachiwa swali hilo tangu utotoni, wala sijasikia kwamba liliwapoteza.

Sasa yuko mganga mwingine sokoni, na dawa yake naiogopa karibu sawa na ugonjwa. Huyu amesoma vitabu vya kufundisha utunzi, na humwagiza mwanafunzi ajaze fomu kwa kila mhusika: urefu wake, rangi aipendayo, chakula akipendacho, kovu lake liko wapi, ana mazoea gani. Mwanafunzi hujaza, kisha hutuletea mtu mwenye kovu shavuni, anayependa samawati na kutafuna kucha, na mtu huyo amekufa kama Subira alivyokufa. Badala ya jina moja amebandikwa majina ishirini. Nitaambiwa kwamba Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla anajulikana kwa kiko chake. Ni kweli kwamba tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* kilipochapishwa mwaka 1960 hatuwezi kumkumbuka bila kiko. Lakini mpeni kiko hicho mtu mwingine mwone. Bwana Msa ni Bwana Msa kwa sababu wengine wanapotetemeka mbele ya mzimu yeye hutazama chini atafute nyayo. Yeye ni namna ya kutazama, na kiko kimefuata moshi wake.

Mimi humwuliza mwanafunzi maswali mengine. Mtu wako anataka nini leo kabla jua halijatua? Nani amesimama njiani? Ni jambo gani ambalo lau lingejulikana asingeweza kutoka nje ya nyumba yake? Euphrase Kezilahabi alipoandika *Rosa Mistika*, kilichotoka mwaka 1971, alitupa baba aitwaye Zakaria, mlevi asiyeitunza nyumba yake, na papo hapo mlinzi mkali wa heshima ya binti yake. Ukimtazama kwa haraka utasema mambo hayo mawili hayapatani. Yanapatana sana. Mtu aliyepoteza heshima yake yote katika pombe huishikilia ile iliyobaki katika mwili wa bintiye, naye huilinda kwa fimbo. Na binti aliyelindwa kwa fimbo hana mlinzi siku fimbo inapokuwa mbali. Je, Rosa ni mwema au mbaya? Nimelitoa swali hilo darasani mara nyingi, nalo halijapata kunijia na jibu moja. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na nafahamu sababu yake. Watu wazima walijiona ndani.

Kutofautisha watu ni jambo jingine linalotushinda, na hapa kosa letu liko mdomoni. Katika hadithi zetu bawabu, waziri, mchuuzi wa samaki na mtoto wa miaka saba wote husema kwa kinywa kimoja, na kinywa hicho ni cha mwalimu wa Kiswahili. “Ama kwa hakika, mwenzangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame,” asema bawabu saa nane za usiku mvua ikinyesha. Sisemi kwamba dawa yake ni kuharibu sarufi, wala kumjazia makanga Sheng' hata asieleweke na nyanya yake. Tofauti ya watu haiko katika msamiati kwanza. Iko katika kile ambacho kila mmoja hukiona, na kile ambacho hukikwepa kukisema.

Chukueni mfano. Mzee amefariki, na watoto wake watatu wamefika nyumbani kwa magari tofauti. Wa kwanza, kabla hajaketi, auliza mazishi ni saa ngapi, kwani ana safari. Wa pili auliza funguo za sanduku anazo nani. Wa tatu hasemi neno. Apita moja kwa moja hadi jikoni, akaanza kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Sikutaja umri wao wala sura zao. Hamkuambiwa yupi anampenda baba. Tena msiharakishe kumtukuza mwosha vikombe, maana huenda yeye ndiye hakufika nyumbani kwa miaka kumi; na mwenye safari huenda ndiye aliyelipa hospitali, na anaogopa kwamba akiketi atalia mbele ya watu. Mwandishi aliye hodari ataweza kuwageuza mara mbili bado kabla jeneza halijatoka, nasi tutamwamini kila mara.

Mtu ataniuliza kwa nini nimepandisha hasira juu ya jambo dogo kama hadithi za kubuni. Ni hivi. Kijana wa Kenya hukutana na watu wengi zaidi vitabuni kuliko kijijini kwao. Vitabu vikimzoeza kwamba mtu ni neno moja, atatoka navyo barabarani. Nchi hii imeonja neno moja. Miezi ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na katika baadhi ya sehemu majirani walikuwa wameitwa madoadoa yanayopaswa kuondolewa. Siwalaumu waandishi wa riwaya kwa damu ile. Ningekuwa mjinga na mwongo. Nasema tu kwamba aliyezoea kuuliza jirani yake alikula nini, na mumewe alikuwa wapi, ana kazi ngumu zaidi kumwita doa. Na ni nani atakayemzoeza kuuliza, ikiwa vitabu tunavyompa vimejaa kina Bi Chuki wanaoumwa na nyoka huku tukipiga makofi?

Mama Mdogo hayupo tena. Nilipostaafu niliitafuta ile hadithi ya kidato cha pili, nikaipata ndani ya daftari lililoliwa na mchwa pembeni, nami nimeanza kuiandika upya. Mume nimekwisha mtia. Yuko baharini miezi sita, na barua zake huja bila fedha. Jina la Bi Chuki nimelifuta, nikampa jina la kawaida, kama la mwanamke yeyote wa kwetu. Jana usiku nilifika mahali ambapo mtoto amerudi kutoka shuleni na homa, naye mwanamke amelifungua kopo la sukari, ameitazama alama ya ukucha, na kijiko kimo mkononi mwake. Niliiweka kalamu chini, sijui bado kama atamtilia chai yake kijiko kimoja au viwili.